Kupima karotenoidi katika majani ya mlonge: njia nne zikiwekwa bega kwa bega

Mtu anayetaka kujua kiasi cha karotenoidi, yaani rangi za njano na za chungwa, kilichomo katika majani ya mlonge hukwama kwenye wingi wa njia kabla hajafika kwenye kemia yenyewe. Mwongozo mmoja humwambia asage majani katika asetoni na kusoma namba tatu kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika. Wa pili humwonya kwamba namba hizo hazitoshi bila mashine ya kromatografia ya kimiminika, ambayo hutenganisha rangi moja na nyingine. Wa tatu humpa bamba la silika, mrija mwembamba wa kioo na penseli. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake, na ubishi mwingi kuhusu njia ipi ni bora hutokana na kulinganisha majibu ya maswali yasiyofanana.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: bamba la tabaka nyembamba (ndilo lile la silika), usomaji wa moja kwa moja kwa spektrofotomita, safu wazi ya kioo, na kromatografia ya kimiminika yenye shinikizo kubwa, ambayo watu wa maabara huiita kwa herufi zake nne tu, HPLC. Mmea uliochaguliwa ni mlonge, Moringa oleifera, kwa kuwa majani yake ni mboga na pia ni dawa, hivyo huulizwa maswali ya pande zote mbili: mtaalamu wa lishe anataka kujua vitamini A, na mwandaaji wa dawa za mitishamba anataka kujua kama unga wa majani haukuharibika wakati wa kukausha. Mengi ya yanayosemwa yanafaa kwa mboga nyingine yoyote ya majani ya kijani, maana rangi kuu za majani hayo ni zilezile.

## Rangi zinazotafutwa

Karotenoidi za majani zina kaboni 40, na katikati yake upo mnyororo mrefu ambamo vifungo vya mojamoja na vifungo vya mbilimbili kati ya kaboni vinapishana. Mnyororo huo ndio unaofyonza mwanga wa buluu, kati ya nanomita 400 na 500 hivi, na kuliachia jicho rangi ya njano au ya chungwa. Katika jani la kijani lenye afya, nne ndizo zinazotawala: luteini, beta-karotini, violaksanthini na neoksanthini. Luteini mara nyingi huwa ya kwanza kwa wingi, na beta-karotini huchukua kati ya robo na theluthi ya jumla.

Tofauti ya nne hizi si ya jina tu. Beta-karotini ni kaboni na haidrojeni pekee, haipendi maji hata kidogo, na mwili unaweza kuigeuza kuwa vitamini A. Luteini ina oksijeni, na haigeuki kuwa vitamini A, ingawa ina kazi yake katika jicho. Kwa hiyo anayechukua jumla ya karotenoidi na kuihesabu yote kama beta-karotini huwa amekuza thamani ya vitamini A ya mboga yake mara tatu au nne, bila kukosea hata tarakimu moja kwenye mashine.

Juu ya hizo nne ipo klorofili, ambayo kwa uzito ni mara kadhaa ya karotenoidi zote kwa pamoja. Klorofili b hufyonza mwanga wa buluu karibu na nanomita 455, mahali palepale ambapo karotenoidi husomwa. Kila njia kati ya nne hizi, ukiitazama kwa undani, ni namna fulani ya kuishughulikia klorofili: ama kuitenganisha, ama kuiondoa, ama kuikadiria na kuitoa kwa hesabu.

## Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni swali ambalo njia inaweza kulijibu: jumla ya karotenoidi, beta-karotini peke yake, au kila rangi kwa jina na kiasi chake. Cha pili ni uhakika wa namba, yaani kipimo kikirudiwa kitatoka karibu na cha mwanzo kiasi gani, na kama kimepotoka, kimepotokea upande upi. Cha tatu ni vifaa na mikono, pamoja na muda na viyeyusho vinavyotumika. Cha nne ni mtu ambaye njia hiyo inamfaa. Bei za mashine sikuziweka kama kigezo cha peke yake, kwa kuwa tofauti kati ya bamba la silika na HPLC inaonekana hata kwa asiye na kalamu.

## Kabla ya chombo chochote: ukamuaji

Ukamuaji ni kuzitoa rangi katika jani kwa kiyeyusho, na kimiminika chenye rangi kinachopatikana ndicho ukamulio. Sehemu hii ni ya njia zote nne, na naipa nafasi kubwa kwa makusudi. Ninavyoona, matokeo mabaya mengi huharibikia kwenye kinu, muda mrefu kabla ya kufika kwenye mashine.

Anza na jani lenyewe. Uwiano wa karotenoidi hubadilika ndani ya siku moja: jua likiwa kali, mmea huigeuza sehemu ya violaksanthini kuwa antheraksanthini na kisha zeaksanthini ili kujikinga, na mwanga ukipungua huirudisha. Majani yaliyochumwa alfajiri na yaliyochumwa saa sita mchana hayatoi picha moja, hata kama yametoka kwenye tawi moja. Umri wa jani nao una uzito wake. Chuma saa ileile kila mara, changanya majani ya miti kadhaa, ondoa vikonyo, na weka sampuli kwenye baridi na giza mara moja. Pima pia unyevu wa sehemu ya majani hayo, kwa sababu mikrogramu kwa gramu ya jani bichi na mikrogramu kwa gramu ya unga mkavu ni vitu viwili tofauti, na msomaji asiyeambiwa ni kipi atapotea.

Jani likishapasuliwa, vimeng'enya na asidi za seli huanza kazi. Ndiyo maana huongezwa chembe za kalsiamu kaboneti au magnesiamu kaboneti kinuni ili kuituliza asidi. Asidi hunyofoa magnesiamu kutoka katika klorofili na kuiacha feofitini, yenye rangi ya kijivu cha zeituni. Pia huibadilisha violaksanthini, na mwanga inaoufyonza husogea kuelekea mawimbi mafupi. Asetoni iliyopozwa ndiyo chaguo la kawaida kwa jani bichi, kwa kuwa inachanganyika na maji na hivyo hupenya kwenye seli zenye unyevu. Kwa unga mkavu, loanisha kwanza kwa maji kidogo na usubiri dakika 20 hadi 30, la sivyo asetoni itapita juu ya chembe bila kuingia ndani. Saga, chuja, rudia. Kazi imekwisha pale makapi yanapokuwa meupe na asetoni inayotoka haina rangi.

Kwa njia zinazohitaji kiyeyusho kisicho na maji, rangi huhamishiwa katika etha ya petroli ndani ya faneli ya kutenganishia. Hapa penye kazi ndogo ndipo pana hasara kubwa. Maji yamiminwe taratibu kwenye ukuta wa kioo, na faneli isitikiswe. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilitikisa kwa nguvu kama mtu anayechanganya dawa ya kikohozi, na nikapata povu la kijani lililokataa kugawanyika mpaka jioni. Nusu ya beta-karotini ya siku ile ilibaki humo. Maji ya chumvi kidogo husaidia kulivunja povu, lakini kutolitengeneza ni rahisi zaidi.

Mwanga, joto na hewa ndio maadui watatu. Fanya kazi penye mwanga hafifu, funga vyombo kwa karatasi ya alumini, vukiza kiyeyusho chini ya nyuzi 40 za selsiasi, jaza nafasi ya juu ya chupa kwa nitrojeni kama ipo, na weka kizuia uoksidishaji kama BHT kwa kiwango cha asilimia 0.1 katika kiyeyusho. Joto halipotezi karotenoidi tu, bali pia huukunja mnyororo: kutoka umbo lililonyooka, liitwalo isoma ya transi (trans), huzaliwa umbo lililopinda la molekuli ileile, isoma ya sisi (cis). Baadhi ya njia hazizitofautishi isoma hizo kabisa.

Hatua ya mwisho yenye utata ni usabunishaji, yaani kuuacha ukamulio usiku kucha gizani pamoja na potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 katika methanoli. Faida yake ni kwamba klorofili na mafuta huondoka. Hasara yake ni kwamba sehemu ya luteini na wenzake wenye oksijeni hupotea pamoja na maji ya kuoshea, na kama asetoni imebaki ndani, alkali huweza kuiunganisha na karotenoidi zenye kundi la aldehidi na kuzaa rangi ambayo haikuwamo kwenye jani. Karotenoidi za majani mabichi hazijafungwa na asidi za mafuta kama zile za matunda mengi yaliyoiva, hivyo usabunishaji wa majani una lengo moja tu, kuondoa klorofili. Pale njia yenyewe inapoweza kuitenganisha klorofili, uache.

## Njia ya kwanza: bamba la tabaka nyembamba

Swali inalojibu. Bamba huonyesha ni rangi zipi zimo, na kama zimeharibika. Chora mstari kwa penseli sentimita moja na nusu kutoka chini, dondosha ukamulio kidogokidogo kwa mrija mwembamba ukiacha kila tone likauke, kisha simamisha bamba katika chombo chenye etha ya petroli na asetoni kwa uwiano wa 7 kwa 3. Ndani ya dakika chache jani linajifungua mbele ya macho: beta-karotini inakimbilia juu kabisa pamoja na ukingo wa kiyeyusho ikiwa ya njano iliyokolea, chini yake, kama ipo, feofitini ya kijivu, kisha klorofili a yenye kijani cha buluu, klorofili b yenye kijani cha manjano, halafu luteini, violaksanthini, na neoksanthini ikiwa imebaki chini karibu na mstari wa penseli.

Uhakika wa namba. Ni mdogo. Umbali wa doa ukigawanywa kwa umbali wa kiyeyusho huitambulisha rangi, lakini unyevu wa hewa na hali ya bamba huubadilisha, hivyo doa la kiwango sanifu, yaani la rangi safi inayojulikana, liwekwe kwenye bamba lilelile. Silika ya kawaida haiitenganishi vizuri luteini na zeaksanthini, wala alfa-karotini na beta-karotini. Yenyewe ina asidi kidogo, kwa hiyo bamba likichelewa laweza kutengeneza feofitini ambayo utailaumu kwa jani. Madoa ya karotini hufifia haraka yakiwa kwenye mwanga na hewa. Zungushia penseli na piga picha papo hapo.

Vifaa na mikono. Hakuna mashine. Sampuli kadhaa hupanda kwenye bamba moja, na kiyeyusho kinachotumika ni kidogo.

Inamfaa nani. Mwalimu na wanafunzi wake, na yeyote anayekagua unga wa majani uliokaushwa. Doa pana la kijivu mahali palipopaswa kuwa na klorofili a, likiandamana na karotini iliyofifia, linatosha kukuambia kwamba unga ule ulipata joto, jua au muda kupita kiasi. Pia linamfaa mwenye HPLC anayetaka kuchungulia ukamulio kabla hajauingiza kwenye mashine.

## Njia ya pili: spektrofotomita moja kwa moja

Swali inalojibu. Jumla ya karotenoidi, pamoja na klorofili a na b, katika ukamulio mmoja usiotenganishwa. Milinganyo inayotumika zaidi ni ile ya Lichtenthaler ya mwaka 1987. Kwa asetoni ya asilimia 80, klorofili a ni 12.25 mara usomaji wa nanomita 663.2, ukiondoa 2.79 mara ule wa 646.8, klorofili b ni 21.50 mara usomaji wa 646.8, ukiondoa 5.10 mara ule wa 663.2. Jumla ya karotenoidi ni 1000 mara usomaji wa 470, ukiondoa 1.82 mara klorofili a na 85.02 mara klorofili b, kisha yote yagawanywe kwa 198. Majibu yote ni mikrogramu kwa mililita.

Uhakika wa namba. Kipimo kikirudiwa hutoka karibu na cha mwanzo, ila namba ya karotenoidi imeegemea mabega ya nyingine. Tuseme umesoma 0.700 katika 663.2, 0.320 katika 646.8 na 0.720 katika 470. Klorofili a inatoka 7.68, klorofili b 3.31, na karotenoidi 2.14. Sasa tuseme usomaji wa 646.8 ulikosewa kwa 0.01 tu, ukawa 0.330. Karotenoidi zinashuka hadi 2.05, yaani takriban asilimia 4, ingawa usomaji wa karotenoidi zenyewe haukuguswa. Klorofili b ndiyo inayovuta uzi huo, kwa sababu ya ile 85.02.

Kuna mitego mingine mitatu. Namba za milinganyo zimefungwa kwenye kiyeyusho chake. Anayekamua kwa ethanoli na kuhesabu kwa milinganyo ya asetoni anapata jibu zuri la sampuli ambayo haipo. Mashine yenye upenyo mpana wa mwanga huvisoma vibaya vilele vyembamba vya klorofili. Na milinganyo inadhani kwamba klorofili ni nzima: unga wa zamani uliojaa feofitini unavunja dhana hiyo. Soma pia nanomita 750, ambapo rangi hizi hazifyonzi. Namba isiyo karibu na sifuri inamaanisha ukamulio una ukungu na unahitaji kuchujwa au kuzungushwa tena.

Vifaa na mikono. Spektrofotomita, kinu na vyombo vya kawaida. Mtu mmoja anaweza kupima sampuli nyingi kwa siku, na hii ndiyo nguvu yake kubwa.

Inamfaa nani. Anayelinganisha sampuli nyingi za aina moja zilizoshughulikiwa sawasawa: miti iliyomwagiliwa na isiyomwagiliwa, majani machanga na makuu, mbolea hii na ile. Haimfai anayetaka kuandika kiasi cha vitamini A, maana njia hii haijui beta-karotini ni ipi na luteini ni ipi.

## Njia ya tatu: safu wazi

Hii ndiyo bibi wa kromatografia zote. Mtaalamu wa mimea Mikhail Tsvet alipitisha rangi za majani katika safu ya chokaa iliyosagwa huko Warsaw, na mwaka 1906 akaipa mbinu hiyo jina la kromatografia. Wengine huiona imepitwa na wakati. Mimi nina upendeleo nayo, nakiri, lakini nitajitahidi kuipima kwa mizani ileile.

Swali inalojibu. Kiasi cha beta-karotini, ikiwa imetengwa na luteini na klorofili. Safu ya kioo hujazwa mchanganyiko wa magnesiamu oksidi na udongo wa diatomu kwa uzito sawa, na juu yake huwekwa tabaka la sodiamu salfeti isiyo na maji ili kunasa unyevu. Ukamulio ulio katika etha ya petroli humwagwa juu, kisha etha yenye asetoni kidogo sana husukuma rangi. Klorofili na luteini hung'ang'ania juu. Beta-karotini hushuka kama ukanda wa njano ya chungwa, ambao huwa mwembamba na wenye kingo safi kama safu ilipakiwa vizuri, au hupinda na kuwa na mikia kama kuna ufa au kiputo cha hewa ndani. Unaukinga ukanda huo mpaka tone la mwisho liwe halina rangi.

Uhakika wa namba. Kwa beta-karotini ya majani, ni mzuri kuliko watu wengi wanavyoudhania. Kilichokingwa huongezwa kiyeyusho hadi ujazo unaojulikana na kusomwa katika nanomita 450. Kiasi kwa gramu ni usomaji mara ujazo kwa mililita mara 10,000, gawanya kwa zao la 2592 na uzito wa sampuli; hiyo 2592 ni kigezo cha ufyonzaji cha beta-karotini katika etha ya petroli. Mfano: gramu 2.0 za jani bichi, ujazo wa mililita 50, usomaji wa 0.420, unatoa mikrogramu 40.5 kwa gramu, yaani mikrogramu 4,050 katika gramu 100. Kwa kanuni ya mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula kwa mikrogramu moja ya retinoli, hiyo ni takriban mikrogramu 338 za retinoli katika gramu 100. Usomaji wenyewe uwe kati ya 0.2 na 0.8, ukizidi, zimua.

Upotofu wake mkubwa ni wa kuzidisha: isoma za sisi hushuka pamoja na ile ya transi na kuhesabiwa kama kitu kimoja, ilhali mchango wao kwa vitamini A ni mdogo zaidi. Kwa majani mabichi tofauti si kubwa, ila kwa majani yaliyochemshwa au kukaushwa kwa moto huongezeka.

Vifaa na mikono. Spektrofotomita ileile ya njia ya pili, safu ya kioo, na pampu ndogo ya kuvuta hewa. Gharama halisi ni mikono. Kila safu hupakiwa upya, kila sampuli huchukua saa kadhaa kutoka kinuni hadi usomaji, na watu wawili wenye mazoea tofauti hupata namba tofauti mpaka wafanye mazoezi pamoja. Viyeyusho vinatumika kwa wingi, navyo ni vya kuwaka, kwa hiyo kazi hufanyika chini ya kivuta moshi bila moto wowote karibu.

Inamfaa nani. Maabara yenye spektrofotomita lakini isiyo na HPLC, inayotaka takwimu za lishe kwa sampuli chache na yenye fundi mtulivu.

## Njia ya nne: HPLC

Swali inalojibu. Kila rangi kwa jina na kiasi chake, katika mzunguko mmoja. Safu ya chuma iliyojaa chembe za silika zilizovikwa minyororo ya kaboni 18 hutenganisha neoksanthini, violaksanthini, luteini, klorofili mbili na beta-karotini. Safu ya kaboni 30, iliyotengenezwa katika miaka ya 1990 mahususi kwa karotenoidi, huenda mbali zaidi: hutenganisha luteini na zeaksanthini kwa nafasi ya kutosha, alfa-karotini na beta-karotini, na isoma za sisi na transi. Kigunduzi cha safu ya diodi huchukua umbo zima la ufyonzaji wa kila kilele, na hapo utambuzi huwa na miguu miwili, muda wa kutoka na umbo. Kilele kidogo cha ziada karibu na nanomita 330 hadi 340, kwa mfano, ni dalili ya isoma ya sisi.

Wapo wanaodhani kwamba kuongeza kipima masi kunamaliza shaka zote. Hakumalizi. Alfa-karotini na beta-karotini zina masi moja, na luteini na zeaksanthini vilevile. Kama safu haikuzitenganisha, mizani haitazitenganisha.

Uhakika wa namba. Ndio wa juu kuliko zote, kwa sharti moja: viwango sanifu viwe sahihi. Beta-karotini ya chupani huoza kama ya jani, na lebo haishuki pamoja nayo. Mtu makini huyeyusha kiwango chake, hupima nguvu yake halisi kwa spektrofotomita siku ileile, kisha ndipo anachora mstari wa kulinganishia. Hivyo HPLC nayo hurudi kuomba msaada kwa mashine ya njia ya pili. Viwango vya violaksanthini na neoksanthini ni vigumu kuvipata, na wengi huzikadiria kwa mstari wa luteini. Hakuna ubaya, mradi ripoti iseme hivyo. Kosa jingine la kawaida ni kuingiza sampuli ikiwa katika kiyeyusho kisichoendana na kile kinachotembea ndani ya mashine, na rangi moja ikatoa kilele chenye vichwa viwili.

Vifaa na mikono. Mashine, safu, viyeyusho vya usafi wa juu, viwango sanifu, na mtu anayejua kusikia pampu ikianza kuugua. Mzunguko mmoja huchukua dakika 20 hadi 60, lakini mashine inaweza kufanya kazi usiku kama sampuli zimepozwa na kufichwa mwanga. Usabunishaji kwa majani hauhitajiki kwa kawaida.

Inamfaa nani. Anayechapisha utafiti, anayesajili bidhaa ya dawa au chakula, anayefuatilia luteini na zeaksanthini kwa ajili ya macho, na anayetaka kujua upishi au ukaushaji umezifanya nini isoma.

## Kuchagua kwa hali yako

Kama sampuli zako ni nyingi na swali ni la kulinganisha, mathalani kutafuta mti wenye rangi nyingi zaidi kati ya miti mia, anza na spektrofotomita kwa zote, kisha peleka dazeni ya juu na dazeni ya chini kwenye safu wazi au HPLC. Mpangilio huu wa ngazi mbili hupunguza kazi, na pia hukuonyesha kama jumla ya karotenoidi inaiwakilisha beta-karotini kwa uaminifu katika miti yako. Mara nyingine haiiwakilishi.

Kama unaandika jedwali la lishe, jumla usiitumie. Chagua kati ya safu wazi na HPLC kwa kuangalia mboga inaliwaje: kwa jani bichi safu wazi inatosha, kwa jani lililopikwa au unga uliokaushwa kwa joto HPLC yenye safu ya kaboni 30 inastahili gharama yake.

Kama kazi yako ni kukagua unga unaoingia ghalani, bamba la silika likiambatana na doa la unga mzuri uliohifadhiwa kwenye friza linatoa jibu la kukubali au kukataa kabla ya saa ya chakula cha mchana. Panapotokea ubishi na mletaji, hapo ndipo namba za HPLC zinahitajika, kwa kuwa picha ya doa haina nguvu mbele ya mkataba.

Mwanafunzi mwenye muhula mmoja na spektrofotomita moja yumo katika hali nzuri kuliko anavyofikiri. Bamba litamwonyesha rangi, milinganyo itampa jumla, na safu moja au mbili zitampa beta-karotini. Akiandika kiyeyusho, saa ya kuchuma, unyevu wa jani na idadi ya marudio, kazi yake itasomeka hata na mwenye HPLC.

Na kama mashine ipo kwingine na wewe una majani tu, usitume ukamulio. Kausha majani kwa baridi kali katika ombwe ukiweza, au yagandishe mara tu yakichumwa, yafunge katika mfuko usiopitisha hewa wala mwanga, na uyasafirishe yakiwa yameganda. Weka mfuko wa pili wa majani yaleyale kwenye friza yako, wenye tarehe na saa ya kuchuma, ili namba zikirudi za ajabu uwe na kitu cha kupima upya.